Kitabu Ulichokificha Nyuma ya Atlasi

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, siku zile ulikuwa unajua?" nami nikakwambia tutaongea. Baba yako alikuwa amekaa karibu yangu, na jambo lenyewe si lake, wala si langu kulisema mbele yake. Ni lako. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nilikuwa najua. Nilijua tangu wiki ya kwanza.

Ulikuwa na miaka 14. Kila ukitoka shule ulikuja kunisubiri maktaba, kwenye ile meza ya nyuma iliyokuwa chini ya dirisha. Saa ya kufunga ilipokaribia nilikuwa napita rafu zote, nikisawazisha migongo ya vitabu kwa kiganja, na vilivyopotea njia nikivirudisha kwenye namba zake. Jioni moja nikafika rafu ya chini kabisa, pale penye atlasi kubwa ambazo hazikuweza kusimama wima tukazilaza. Moja ilikuwa imechomoza kidogo. Nikaisukuma, ikagoma. Nilipoingiza mkono nyuma yake nikagusa kitabu chembamba, mgongo wake umegeuziwa ukutani.

Nilikitoa nikasoma namba: 211. Wewe uliyekulia kati ya rafu huhitaji kuelezwa, lakini nitaiandika hata hivyo, kwa kuwa namba hiyo ndiyo iliyonishtua kuliko jina la kitabu. Katika mfumo aliouchapisha Melvil Dewey mwaka 1876, 200 ni dini, 220 ni Biblia, 287 ni sisi Wamethodisti, na 211 ni fikra za watu juu ya Mungu, pamoja na fikra za wale wasemao hayupo. Hicho kilikuwa cha hao. Ndani yake mlikuwa na kikaratasi kirefu cha kuonyesha ulipofika, kimechanwa kutoka kwenye matangazo ya ibada ya Jumapili. Nilikitambua mara moja, kwani matangazo hayo niliyapiga chapa mimi mwenyewe Ijumaa usiku, na lile kosa la herufi kwenye zamu za kwaya lilikuwa langu.

Kazi yangu ilikuwa kukirudisha 211. Sikukirudisha. Nilikiweka palepale, mgongo ukiangalia ukuta, nikailaza atlasi vizuri zaidi ya ulivyoilaza wewe ili asije mwingine akakiona. Katika miaka yangu yote ya kazi, hicho ndicho kitabu pekee nilichokikuta mahali pasipo pake nikakiacha hapo kwa kukusudia.

Uliuliza pia kwa nini sikusema neno. Hapo itabidi nianzie mbali kidogo.

Unajua tulivyoishi. Watu wa mji mdogo hawakuwa na majina mawili ya kuniita, walikuwa na moja tu, mama mchungaji, hata nilipokuwa nyuma ya deski la maktaba na muhuri wa tarehe mkononi. Mtu alikuja kurudisha kitabu, na kabla sijatazama kadi yake alikwisha kuniuliza kama mchungaji yupo nyumbani. Jumapili baada ya ibada, pale mlangoni tunapopeana mikono, mwingine aliniambia kitabu chake kimechelewa na kuomba nisimtoze faini. Sikuchukia. Ila ilinifundisha jambo ambalo sikufundishwa chuoni wala kanisani: nilikuwa najua mambo ya watu kutoka pande mbili. Jumapili nilisikia wanachoombea. Jumatatu niliona wanachoazima. Na mara nyingi viwili hivyo havikuwa kitu kimoja.

Mtu aliyeshukuru mbele ya kanisa kwa ajili ya ndoa yake alikuwa ameazima kitabu cha sheria ya talaka wiki iliyotangulia. Kiongozi mmoja wa darasa, yaani kikundi kidogo cha waumini kanisani, mtu wa heshima zake, alichukua vitabu vya madeni kimoja baada ya kingine. Kuna mama aliyekuja kila mara na orodha ndefu ya hadithi za mapenzi, na katikati yake akachomeka kitabu kimoja cha ugonjwa, 616, akitumaini sitakiona. Nilikiona. Nilikigonga muhuri kama vingine, nikampa.

Nami sikumwambia hata baba yako. Aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa, kama kuna mshiriki anayehitaji kutembelewa. Nikamjibu, "Anayehitaji atakwambia, na kama hakwambii wewe basi amechagua kuambiwa na kitabu." Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema nina haki. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena. Mengi yalinifanya nimpende baba yako, na hilo ni mojawapo.

Kuna mzee mmoja, utamkumbuka, alikuwa akikaa kiti cha tatu upande wa kinanda. Aliimba tenzi zote kwa moyo, kitabu kimefunguliwa mkononi. Huyo alikuwa akija Jumanne asubuhi, wakati maktaba haina watu, kuazima vitabu vya watoto vya kujifunzia kusoma. Alisema ni vya mjukuu. Vilipokuwa vikirudi nilikuta vitone vya penseli chini ya kila silabi, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilichukua kifutio nikavifuta jioni, kimoja kimoja, ili akiazima kingine asione kwamba kuna aliyeona. Mwaka uliofuata alisimama akasoma somo la Agano la Kale mbele ya kanisa zima. Baba yako alirudi nyumbani amejaa mshangao. Mimi nilitandika meza.

Sasa nikueleze kosa langu la kwanza, maana bila hilo hutaelewa kwa nini cha kwako nilikiacha ukutani.

Hii ilikuwa kabla hujaanza shule, katika mji wa pili tuliopangiwa. Maktaba ilikuwa na kitabu cha kuwaeleza wasichana na wavulana jinsi mwili unavyobadilika. Kitabu cha adabu, cha afya, chenye michoro. Jioni moja wakaja nyumbani akina mama watatu wa kanisa. Hawakuja maktaba, ambako ningewapa fomu ya malalamiko wakaijaza kama mtu mwingine yeyote. Walikuja kwa mama mchungaji. Walikaa kwenye viti vya kanisa, ndani ya nyumba ya kanisa, wakaniomba nikiondoe. Walisema itakuwa vibaya kwa mchungaji.

Nilikiondoa. Sikukichana wala sikukitupa, lakini nilikiweka chini ya deski, ndani ya boksi la kadi, nikajiambia ni kwa muda tu, mpaka upepo upite. Siku ya tisa akaja msichana wa miaka kama 12. Hakutaja jina la kitabu, alinionyesha namba aliyoiandika kwenye kiganja cha mkono kwa wino. Nikamwambia kimeazimwa. Kilikuwa kinagusa goti langu. Alikunja vidole vyake akafunika ile namba, akasema asante, akatoka.

Kesho yake asubuhi nilikirudisha kwenye rafu, nikaenda kwa wale akina mama mmoja mmoja kuwaambia nimekirudisha na kwa nini. Wawili walinielewa. Wa tatu hakusema nami mpaka tulipohama. Lakini yule msichana hakurudi. Nimemwona mara nyingi usiku nikiwa nimelala, mkono wake tu, ukijikunja.

Kuna Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, aliyekuwa mwalimu wa hisabati kabla ya kuwa mkutubi wa chuo kikuu cha Madras. Mwaka 1931 alichapisha sheria tano za kazi yetu. Ya kwanza ni kwamba vitabu ni vya kutumiwa. Ya pili, kila msomaji apate kitabu chake. Ya tatu, kila kitabu kipate msomaji wake. Nilizikariri chuoni kama wimbo ili nifaulu mtihani. Nilizielewa siku ile nilipodanganya mtoto.

Basi nilipokuta kitabu chako nyuma ya atlasi, nilikumbuka mkono ule. Nikasema mwenyewe: huyu amekipata kitabu chake, usimguse.

Kila jioni ulipokuwa umetangulia nyumbani, nilikitoa. Hili ndilo ninaloona haya kukiri, kwa kuwa mkutubi hapaswi kumchungulia msomaji, hata akiwa mwanawe. Nilisoma mpaka pale kilipokuwa kikaratasi chako, nikaishia hapo. Sikukupita hata ukurasa mmoja. Kesho yake ukiwa umesogea kurasa sita, nami nilisogea sita. Kulikuwa na siku hukusogea kabisa, na siku hizo nilikuwa najiuliza ni sentensi gani iliyokusimamisha. Nilikuwa nasoma kama mtu anayemfuata mwenzake gizani kwa sauti ya nyayo.

Mezani baba yako alikuwa akisali, nawe ulifumba macho kama sisi wote. Nilikutazama kwa jicho moja. Sikuogopa kwamba unamwacha Mungu. Niliogopa kwamba unaulizia peke yako, katika nyumba ambayo watu wa mji mzima walikuja kuulizia.

Unajua habari za Susanna Wesley, mama wa John Wesley aliyeanzisha Umethodisti wetu, baba yako alizihubiri mpaka tukachoka. Lakini mimi nilimpenda kwa mambo yangu. Alikuwa mke wa kasisi katika mji mdogo wa Epworth, Uingereza, akazaa watoto 19, na karibu nusu yao wakafa wachanga. Majira ya baridi ya 1711 kuingia 1712, mumewe akiwa London, Susanna alianza kuwasomea watoto na watumishi wake mahubiri Jumapili jioni. Aliingia kwenye vitabu vya mumewe akachagua yaliyo bora. Jirani mmoja akaja, kisha wengine, mpaka wakafika kama watu 200. Msaidizi wa mumewe akalalamika kwa barua, mume akaandika kwamba aache. Susanna akamjibu kwamba kama anataka aache, asimwombe tu bali amwamuru waziwazi, ili siku ya hukumu lawama isiwe yake. Nikisoma hayo namwona mkutubi. Alifungua kabati la vitabu la mchungaji akawapa watu.

Na tena alikuwa na utaratibu wa kukaa na kila mtoto peke yake jioni moja ya wiki. Ya John ilikuwa Alhamisi. John alipokuwa mtu mzima, msomi wa Oxford, alimwandikia mama yake akiomba tena sehemu ndogo ya ile Alhamisi.

Wewe sikukupa Alhamisi. Alhamisi lilikuwa zoezi la kwaya. Jumatano mafunzo ya Biblia, Ijumaa matangazo, Jumamosi harusi au msiba. Nilikuwa na watoto wawili tu, na jioni zangu zote zilikuwa za watu. Kwa hiyo nilizifanya zile dakika kumi za kusoma nyuma yako kuwa Alhamisi yetu, ingawa wewe hukujua kwamba tumekaa pamoja. Najua haikutosha. Nasema tu kwamba ilikuwepo.

Kisha ukaja uhamisho.

Ulinililia ukasema mnanichukua kama kiti. Ulisema kweli. Hata viti havikuwa vyetu, vilikuwa kwenye orodha: vitanda, meza, mapazia, kila kimoja kinahesabiwa na kutiwa sahihi kabla mchungaji mpya hajaingia. Ndivyo Umethodisti ulivyo tangu mwanzo. John Wesley hakutaka mhubiri akae mahali pamoja, na aliandika kwamba yeye mwenyewe angehubiri mwaka mzima mahali pamoja, angejilaza usingizi yeye na wengi wa wasikilizaji wake. Kwa mhubiri labda ni kweli. Kwa mkutubi ni kinyume kabisa. Mwaka wa kwanza mkutubi anajua vitabu. Mwaka wa pili anajua nyuso. Mwaka wa tatu ndipo anaanza kujua nani anahitaji nini bila kuulizwa, na mimi kila nilipofika mwaka wa nne au wa tano, barua ilikuja. Nimeacha maktaba nne. Kila moja niliiacha ikiwa ndiyo kwanza imeanza kunizoea. Baba yako alijua, na kila Ibada ya Agano tuliposema kwamba sisi si wetu tena bali ni wa Mungu, atutumie au atuweke kando, alikuwa akinishika mkono pale kwenye "kando".

Sikatai wito wake. Niliukubali nilipomkubali yeye, na ningemkubali tena leo. Lakini nataka ujue kwamba niliona gharama, na niliona ya kwako.

Jioni ya mwisho katika maktaba ile nilikitoa kitabu chako nyuma ya atlasi. Kikaratasi kilikuwa ukurasa wa 140. Kitabu kina kurasa 212. Nilikaa nacho sakafuni, maboksi yetu yakiwa tayari kwenye lori, nikafikiria kukubebea. Kilikuwa mali ya maktaba. Nikakipangusa vumbi, nikakirudisha 211, mahali pake, na kile kikaratasi nikakitia ndani ya Biblia yangu.

Na sasa kosa la pili, ambalo ndilo nililokuwa nakwepa kuliandika tangu mwanzo wa barua hii.

Katika mji mpya, siku yangu ya kwanza kazini, kabla sijavua koti nilienda 211. Mlikuwa na vitabu viwili, na hakuna hata kimoja kilichokuwa hicho. Ningeweza kukiagiza. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea, na sheria ya pili ya Ranganathan haina kifungu kinachosema isipokuwa mtoto wa mchungaji. Lakini orodha ya maagizo ilipitiwa na kamati, na katika kamati walikuwemo watu wa kanisa letu. Nilianza kuandika jina la kitabu mara mbili kwenye fomu. Mara zote mbili nikaikunja. Nikajiambia huenda umekwisha kusahau. Nilikuona ukitafuta, mwanangu. Nilikuona wiki ya kwanza ukipita pale, ukainama, ukasoma namba za migongo kwa kidole, ukainuka. Ukaenda meza ya nyuma ukafungua vitabu vya shule. Nami nilikuwa naandika kadi.

Nilikutunzia siri na nikakunyima kitabu. Cha kwanza nilikifanya vizuri. Cha pili nakuomba unisamehe.

Wesley aliwaagiza wahubiri wake wasome angalau saa tano kwa siku, na aliyelalamika kwamba hana hamu ya kusoma aliambiwa aizoee hiyo hamu, au arudi kwenye kazi yake ya zamani. Hakuwa mtu wa kuogopa kitabu. Aliwahaririia watu wake maktaba nzima ya juzuu 50, kati ya 1749 na 1755, na wahubiri walikuwa wakizunguka na vitabu kwenye mifuko ya farasi. Mimi nimelelewa na watu hao, nimeolewa nao, nimepokea mshahara kwa ajili ya vitabu, na nikashindwa kuandika mstari mmoja kwenye fomu. Nimeliwaza hilo kwa miaka mingi kuliko unavyodhani.

Simwambii baba yako mpaka uniruhusu. Siri ya msomaji ni ya msomaji, na hata baada ya kustaafu sijaruhusiwa kuitoa. Ukiniruhusu nitamwambia, na nadhani hataumia kwa namna unayoiogopa. Kuna maswali anayoyaandika pembeni mwa vitabu vyake ambayo hajawahi kuyahubiri. Lakini hizo nazo ni siri za msomaji mwingine.

Uliposema kwenye simu kwamba siku hizi huendi kanisani na hujui kama utarudi, nilisikia ukishusha pumzi, ukingoja nianze kulia. Silii. Nakuombea kila asubuhi kama nilivyokuombea ukiwa mchanga, wala sijabadilisha maneno.

Kwenye kifurushi hiki utakuta kitabu. Ilinichukua miezi kadhaa kukipata, kwa kuwa hakichapishwi tena. Hiki si kile cha maktaba, kile nadhani wameshakiondoa kwenye rafu, lakini chapa ni ileile na kurasa zinalingana, nimezihesabu. Sijasoma zaidi ya pale ulipoishia. Kikaratasi chako nimekiweka ukurasa wa 140. Ukishakimaliza, nitumie, nami nisome zilizobaki.

Mama yako.